Mpigapicha Aliyetaka Sebule Nzima

Simu ilinikuta sokoni Migori, nikichagua nyanya. Aliyepiga ni mdogo wa rafiki yangu mpigapicha, na hakuzungusha maneno. "Ametuacha asubuhi hii, hapa hospitalini Homa Bay," alisema. "Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujaisikia kwa watu wa bodaboda." Nilizirudisha nyanya mezani moja moja. Mama aliyekuwa akiziuza aliniangalia usoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni wako?" Nikamjibu kwamba alikuwa rafiki. "Basi ni wako," akasema, akanisogezea kigoda chake nikae. Nilikaa pale kwa muda, watu wakipita na mizigo yao, nikijaribu kukubali kwamba mpigapicha niliyezunguka naye kaunti hizi mbili kwa miaka mingi hatabisha tena dirisha la gari langu na kusema, "Mwandishi, fungua, jua linapotea."

Ninyi mnaoisoma safu hii mnazifahamu kazi zake hata kama jina lake hamkulitilia maanani. Wale wanawake wa Homa Bay wakigeuza omena, dagaa wa ziwani, juani, waliochapishwa kando ya maneno yangu, ni macho yake yaliyowaona. Jina silitaji leo, kwa sababu mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa akisema jina la mpigapicha gazetini ni kama jina la mpishi kwenye sahani. Alikuwa na studio ndogo kando ya barabara iendayo Isebania: chumba kimoja, pazia la buluu la picha za pasipoti, kioo cha watu kujitengenezea nywele, na kuta zilizojaa sura za Wajaluo, Wakuria na wafanyabiashara waliohamia mjini kutoka pande zote. Na alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likizama mlango ulifungwa, haukufunguliwa hadi Jumamosi jua lizame tena. Katika kazi yake hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa arusi zetu nyingi na maziko yetu mengi huangukia siku hiyo hiyo. Wenzake walimwona kama mtu anayejikatia riziki kwa mkono wake. Yeye aliwajibu, "Jumapili bado iko. Na Jumapili watu wako nyumbani."

Hivyo ndivyo alivyogeuka kuwa mpigapicha wa sebule. Wakati wengine walifuata mahema na magari ya arusi, yeye alialikwa majumbani Jumapili mchana kupiga picha za familia, na alipendelea kuwapiga ndani. "Ukiwatoa nje wanasimama kama wako paredi," aliniambia. "Ndani kila mtu anajua kiti chake." Ila sebule zetu mnazijua. Kochi linagusana na kabati, kabati linagusana na meza, na meza inagusana na magoti ya wageni. Kamera yake ilikuwa nzuri, ya dijitali, ya aina inayobadilishwa lenzi, lakini lenzi aliyokuwa nayo ni ile iliyokuja na kamera, ambayo humtosha mtu mwenye nafasi ya kurudi nyuma. Yeye nafasi hiyo hakuwa nayo.

Jambo hilo lilimuumiza hasa siku tulipokwenda Magunga. Nilikuwa na makala ya kuandika kuhusu wakulima wanaopakana na mbuga ya Ruma, naye alikuwa ameombwa na mwalimu mmoja wa kike ampigie mama yake picha akiwa na watoto wake wote. Bibi huyo miguu ilikuwa imemkatalia, haondoki kitandani, kwa hiyo walikuwa wamekileta kitanda sebuleni na watoto na wajukuu wakakizunguka. Rafiki yangu alirudi nyuma mpaka mabega yakagota ukutani. Akapanda juu ya stuli. Akatoka akasimama kizingitini, miimo ya mlango ikawameza watu wa pembeni. Mwishowe akaamua kuwapiga kwa mafungu mawili, bibi akiwa katikati ya kila fungu, tukaaga. Baada ya muda alirudi na picha zilizosafishwa, nami nikamsindikiza tena. Bibi alizishika, moja mkono wa kulia na nyingine mkono wa kushoto, akazitazama kwa zamu, kisha akasema jambo kwa Dholuo. Binti yake alisita kabla ya kututafsiria. "Anauliza," alisema, "mbona watoto wake wako nyumba mbili."

Tulipokuwa tukiondoka yule mwalimu alitufuata hadi kwenye gari akatueleza. Kaka zake wawili hawakuwa wakisemezana tangu baba yao afariki, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Siku ile ya picha, mpigapicha aliposema watapigwa kwa mafungu mawili, kila mmoja alitafuta fungu ambalo mwenzake hayumo. Mama aliyaona hayo yote kutoka kitandani. Tulipofika Migori rafiki yangu alishuka, akafunga mlango wa gari, kisha akaufungua tena. "Nimewasaidia kugawana mama," alisema. "Nitatafuta lenzi pana."

Akaitafuta kama mtu anavyotafuta mchumba, kwa kuuliza watu na kukataa wengi. Kila aliyemshauri alimshauri anunue lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali. Walimwambia mbuga iko jirani, watalii watakuja, korongo, wale swala wakubwa wa Ruma, wanapigwa kwa lenzi ndefu, na hata arusini lenzi ndefu ndiyo humfanya mpigapicha aonekane mtu wa maana. Mimi pia nilikuwa upande huo. Alinisikiliza akanijibu, "Korongo hajaniuliza watoto wake wako wapi." Hatimaye tukaenda Homa Bay kukutana na mwuzaji mmoja anayeleta vifaa vilivyotumika, kwenye hoteli iliyo karibu na ziwa. Jamaa alitandika kitambaa mezani akapanga lenzi tatu.

Ya kwanza rafiki yangu aliirudisha upesi. Ilikuwa pana kupita zote, lakini ilivipinda vitu: mlango wa hoteli ulitokea umejikunja kama upinde. "Nyumba ya mtu si chungu," alisema. Zikabaki mbili, zote za kuvuta kidogo, yaani unaweza kupanua au kubana bila kubadilisha lenzi. Mwuzaji alisifu ile nzito, yenye kioo kikubwa cha mbele. "Mama, hii inakunywa mwanga," alimwambia rafiki yangu. "Hata kwa chumba cha giza unapiga tu. Hii nyingine ni ya watoto." Alikuwa na haki yake, kwa maana nyumba nyingi zina dirisha moja na pazia juu yake. Lakini ile nzito ilianzia milimita kumi na moja, na ile nyepesi ilianzia kumi. Na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo lenzi inavyokusanya watu wengi zaidi. Milimita moja mimi niliiona si kitu. Yeye alimwomba meneja wa hoteli chumba chochote kidogo, tukapewa stoo ya unga na sukari, akatupanga humo: meneja katikati, mwuzaji upande mmoja, mimi kwenye pembe kabisa. Akapiga kwa lenzi hii, kisha kwa ile.

Tuliinamia kioo cha kamera pamoja. Katika picha ya lenzi nzito bega langu moja lilikuwa limekatwa. Katika ile ya nyepesi nilikuwamo mzima, ingawa kichwa changu kilikuwa kimevutika kuelekea pembeni kama papai. Nikalalamika. "Zote mbili zimekuvuta," alinionyesha. "Hiyo ni tabia ya lenzi pana, haina dawa. Dawa ni kupanga watu." Kisha akafanya jambo ambalo mwuzaji hakulielewa. Alimsogelea meneja hadi umbali wa mkono, akainua kamera yenye lenzi nzito mbele ya uso wake. Meneja akarudisha kichwa nyuma. Akabadilisha, akainua nyepesi, ambayo kioo chake ni kidogo. Meneja akatabasamu. "Nachukua hii," rafiki yangu alisema. "Lenzi pana inataka uwe karibu na mtu. Siwezi kukaa karibu na bibi nimeshika kitu kama mdomo wa bunduki." Mwuzaji akauliza, na giza je? Akajibu kwamba lenzi ile ilikuwa na kifaa cha kutuliza mtikisiko wa mkono, na watu wake huwa wamekaa, hawakimbii. "Nitawaomba watulie, na mimi nitulie."

Jumapili iliyofuata alikuwa Magunga, nami sikukubali kuachwa. Mwalimu alikuwa amewaita wote tena, akiwaambia tu kwamba picha za kwanza hazikutoka vizuri. Kitanda kililetwa sebuleni. Kaka mkubwa akajisimamisha upande wa kabati, mdogo akajisimamisha upande wa mlango, familia nzima ikiwa katikati yao. Rafiki yangu alipiga mara moja, akatazama, akatikisa kichwa. "Wewe mzee wa pale, na wewe wa mlangoni, mkibaki hapo nitawaharibu," alisema. "Njooni muone." Kaka mkubwa alikuja akatazama kioo cha kamera, akaona taya lake limerefuka kuelekea kabatini. "Huyu ni mimi ama ni mamba?" akauliza. Wajukuu wakaangua kicheko, na bibi, alipotafsiriwa, akacheka mpaka akashika ubavu. "Sogeeni katikati, karibu na mama," mpigapicha akasema. "Mambo mengine mnayajua wenyewe. Mimi nazungumzia lenzi."

Kaka mkubwa alisogea, akachuchumaa kando ya kitanda. Mdogo alibaki mlangoni, mikono mfukoni, akiangalia nje. Kicheko kikapoa. Hapo nilidhani safari yetu imekwisha bure. Rafiki yangu hakumsihi. Alipiga goti sakafuni mbele ya kitanda, kamera mapajani, akangoja, kana kwamba Jumapili nzima ilikuwa yake. Bibi ndiye aliyepapasa godoro kando yake. "Nyathina, bi ka," alisema. Mwanangu, njoo hapa. Yule bwana mwenye mvi kidogo kidevuni alikuja kama mtoto aliyeitwa kula, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, goti lake likaegemea bega la kaka yake. Hakuna aliyejiondoa. Mpigapicha aliinua kamera yake yenye lenzi ndogo, akiwa karibu nao kiasi kwamba angeweza kumshika bibi mkono, akapiga.

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Mambo ya shamba hayamalizwi na kamera. Lakini kitanda kilipaswa kurudishwa chumbani, na kitanda chenye mgonjwa hakibebwi na mtu mmoja, kwa hiyo wale wawili walikishika huku na huku, na nikamsikia mkubwa akisema, "Polepole, omera, kuna kizingiti." Omera, yaani ndugu yangu. Dada yao, yule mwalimu, aliniambia baadaye kwamba hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza. Mengine yalifuata kidogo kidogo, mpaka wakaketi na wazee wa ukoo, na mpaka wa shamba ukawekwa upya wakiwa wamesimama wote wawili. Bibi angali hai, na picha iko ukutani mbele ya kitanda chake.

Nimeyafikiria haya sana tangu simu ile ya sokoni. Kazi ya picha imebadilika mbele ya macho yetu. Siku hizi simu ya mkononi ina macho matatu nyuma yake, na moja kati ya hayo ni pana. Unagusa kidogo tu, sebule nzima inaingia. Studio kadhaa za mjini zimegeuka maduka ya vocha na vifuniko vya simu. Yeye hakukasirika na hilo. Jumapili jioni alianza kuwakaribisha studioni vijana na akina mama wenye simu, akawafundisha mwanga unaingia kutoka wapi, na kwa nini mtu wa pembeni huharibika. Nilimuuliza kama haoni anawafundisha watu kumnyima kazi. "Simu itawapanua," alinijibu. "Lakini simu haiwezi kuwaomba wasogee. Hiyo kazi lazima mtu aifanye, na mimi peke yangu siwezi kufika nyumba zote." Wahenga walisema ukitaka cha mvunguni sharti uiname, naye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akiwa amepiga goti kwenye sakafu za watu.

Sisi waandishi, pamoja na wengi wanaotusemea, tumeipenda mno lenzi ndefu. Tunaivuta Migori kutoka mbali na kuona malori yanayoelekea mpakani. Tunaivuta Homa Bay na kuona siasa na samaki. Tunaona ugomvi vizuri sana, maana ugomvi huonekana hata ukiwa mbali. Kile kinachoweza kuutatua ni kidogo, kimekaa ndani, na hakionekani mpaka uingie, usalimie, upewe kiti.

Tulimzika Jumapili, nyumbani kwao, nje kidogo ya mji. Wapigapicha walikuja kutoka kaunti zote mbili, wenye kamera na wenye simu, hata wale waliokuwa wakigombania naye wateja. Walijipanga nyuma ya umati kwa adabu, wakiogopa kuwasumbua wafiwa. Mdogo wake aliwaona, akaenda hadi walipo. "Msisimame huku," aliwaambia. "Hakuwafundisha hivyo." Wakaja mbele, wakapiga magoti kwenye nyasi mbele ya mama yake, na mama akawatazama kila mmoja usoni, akajifuta machozi kwa kitambaa, akakaa vizuri.

Wapo wanaosema kwamba familia zetu, makanisa yetu na koo zetu haziwezi tena kuketi pamoja. Sijui kama wamewahi kuingia ndani, wakakaa karibu, wakawaomba watu wasogee kidogo. Yeye aliomba, nyumba baada ya nyumba, kwa miaka. Watu walisogea.