Mwezi wa Bati Usiokua

Nilipokuwa mtoto pale Homa Bay, kulikuwa na miezi miwili. Mmoja ulikuwa wa Mungu. Huo ulikuja mwembamba, ukanenepa, ukakonda, ukapotea. Wa pili ulikuwa wa bati. Huo ulisimama juu ya msikiti mdogo uliopakana na ploti tulimopanga, umechomelewa kwenye bomba la chuma na kupakwa rangi ya kijani, na haukunenepa wala kukonda. Wa kwanza nilifundishwa kuuomba. Wa pili nilifundishwa kuuogopa. Aliyenifundisha yote mawili ni nyanya yangu, mama yake Baba, ambaye kwa Kijaluo tulimwita Dani. Nimekua, nimesoma, nimevaa joho la chuo, na bado siwezi kusema kwa uhakika alikosea wapi.

Alikuja kutoka Rangwe kwa sababu ya mdogo wangu, Ochieng'. Ochieng' alikuwa hajaanza shule, na alikuwa ameanza kuanguka. Anacheza, anasimama ghafla kama mtu aliyeitwa, kisha yuko chini, mikono imekakamaa, macho yamegeuka. Hospitalini walisema ni kifafa. Walimpa dawa ya maji, anywe asubuhi na jioni bila kukosa, na wakamtaka Mama awe akimrudisha ili wamwangalie. Baba alikuwa kisiwani Remba akinunua omena, dagaa wa ziwani. Mama aliziuza sokoni mjini. Hakukuwa na wa kukaa na mtoto, basi Dani akafunga nyumba yake akaja.

Alikuja na maelezo yake pia. Ochieng' alizaliwa jua likiwa utosini, na jina lenyewe ndilo linalosema hivyo. Mwezi, Dani alisema, humwonea wivu mtoto wa jua, na wivu huo huwa mkali mwezi ukiwa mchanga. Kwa hiyo kila ulipoandama alitutoa nje, akaugeukia, akatema mate kidogo ya ncha ya ulimi, thuu, akasema, "Nenda na ugonjwa, tuachie uzima."

Mtu wa mbali akisikia habari ya mate anaweza kukunja uso. Kwetu mate ya mzee ni baraka. Asubuhi ya mtihani Dani alinitemea kifuani, nami nikaenda shule nikijiona nimevaa kitu ambacho wenzangu hawana. Mama alikuwa Msabato thabiti na hakuyapenda mambo hayo, lakini alikuwa mkwe. Dani alipotema, Mama alikumbuka sufuria jikoni.

Siku chache baada ya kufika, Dani aliinua macho akiwa anaanika nguo, akaona bati.

"Nyar Migori," alimwita Mama, kwa kuwa Mama ni binti wa Migori na mkwe huitwa kwa jina la kwao. "Umeona kile kitu?"

"Ni msikiti, Mama."

"Msikiti nimeuona. Nauliza kile kilichokaa juu yake."

"Ni alama yao tu."

"Alama ya mwezi mchanga. Haukui. Mtoto anaanguka mwezi ukiwa mchanga, na wewe umempangia nyumba mahali ambapo mwezi ni mchanga kila siku ya Mungu."

Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikichambua mboga. Nakumbuka niligeuza maneno yale huku na huku nikitafuta ufa, nisiuone.

Dani alitaka kumpeleka Ochieng' Rangwe, na akishampeleka asimrudishe. Mama alisema dawa iko hapa na daktari anayemjua yuko hapa. Dani alisema mtoto ni wa ukoo. Mwishowe wakakubaliana kwa ile sauti ya chini ya watu ambao hawajakubaliana: tungoje mwezi ujao. Akivuka salama, atabaki. Akianguka, ataondoka na Dani. Mimi nililala mkeka mmoja na Ochieng', mguu wake juu ya tumbo langu kila siku. Nilianza kuuhesabu uzito wa mguu ule kama kitu kinachoweza kuchukuliwa.

Basi nikaanza kuuliza. Ikiwa hatima ya mdogo wangu imefungwa kwenye bati lile, nilitaka kujua bati lile ni nini.

Zaituni, rafiki yangu, binti wa mwenye ploti, ndiye niliyemwuliza kwanza.

"Ni wa msikiti," alisema.

"Najua. Unafanya nini?"

"Haufanyi kitu, Adhiambo. Unakaa tu. Kwani msalaba wa Wakatoliki unafanya nini?"

Kanisani kwetu, mwalimu wa watoto alisema Waislamu wanauabudu mwezi, ndiyo maana wameuweka juu. Nilipompelekea mama yake Zaituni habari hiyo, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Tuabudu bati? Na lile bati lilikatwa na fundi Mkatoliki wa Rodi Kopany, nikimpikia chai mimi mwenyewe. Alilikata vibaya mara ya kwanza, likawa kama ndizi."

Akaniambia kwamba mwezi wenyewe, ule wa juu, ni saa yao. Ukiandama wanaanza kufunga, ukiandama tena wanakula Idi. "Wewe una kalenda ukutani. Sisi kalenda yetu ni hiyo." Lakini kalenda hubadilika, nikamwambia, na bati halibadiliki. Hilo hakunijibu, alikuwa ana mandazi kwenye mafuta.

Nikaenda kwa Maalim, aliyeswalisha pale msikitini. Alikuwa Mjaluo mwenzetu wa Kendu Bay, mtu mrefu mwenye ndevu chache, na alinijibu kana kwamba mimi ni mtu mzima. Alisema Mtume hakuweka mwezi juu ya msikiti wake. Alisema Waturuki waliuweka kwenye bendera zao, na wapo wanaosema hata wao waliukuta kwenye mji waliouteka, kwa watu wa dini nyingine, na watu hao nao waliurithi kwa wengine. Nani aliuanza, hakujua.

"Sasa kama si wenu, mbona mmeuweka?"

Akanionyesha barabara kwa kidole. "Mgeni akishuka barabarani akitaka kuswali, atatujuaje?"

Kwa hiyo ulikuwa wa Waturuki, wa Mkatoliki wa Rodi Kopany, wa saa, wa kuabudiwa, wa kutofanya kitu, na wa kumwangusha Ochieng'. Nililala na yote hayo kichwani, na mguu wake tumboni.

Mwezi tulioungoja sisi ndio waliokuwa wakiungoja wao, wafungue mfungo wao. Jioni ile watu walisimama uani mwa msikiti wakitazama machweo. Watoto wa ploti nzima tulikuwepo, Waislamu na wasio Waislamu, kwa sababu mwezi ukionekana kesho ni pilau. Kulikuwa na wingu. Mama alikuwa amerudi mapema kutoka sokoni, akasimama mlangoni amekunja mikono. Dani alitoka na Ochieng' mgongoni.

Zaituni ndiye aliyeuona, mwembamba kama ukucha, pembeni mwa wingu. Maalim akainua viganja. Midomo yake ikacheza.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza Zaituni.

"Anauambia mwezi, Mola wangu na Mola wako ni Mungu mmoja."

"Kwa hiyo mnaongea nao."

"Tunauambia. Hatuuombi."

Sikupata nafasi ya kuuliza tofauti yake, maana hapo Dani alisonga mbele. Akautemea mwezi wa juu, thuu, akasema maneno yake. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akageuka akaukabili msikiti, akautemea na ule wa bati.

Vichwa vyote uani vikamgeukia.

"Huyu mama anatemea msikiti?" Alikuwa dereva wa lori, mgeni, aliyesimama hapo kufuturu. "Jamani, mnaangalia tu?"

"Ameomba," mama yake Zaituni alisema haraka. "Kwao ni dua."

"Dua gani ya mate?"

Dani hakuelewa Kiswahili chote, lakini sura alizielewa. "Nimefanya nini?" aliuliza kwa Kijaluo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa ndogo. Mama alitoka mlangoni akaja akasimama karibu naye, bega kwa bega, yeye ambaye kwa siku zote hizo alikuwa akigeukia sufuria. Maneno yakawa mengi. Dereva alitaka aombe msamaha, Dani hakujua aombeje msamaha kwa kumbariki mtu, Maalim alikuwa akitafsiri pande zote mbili na kila upande ukimwona ni wa upande wa pili. Mwishowe adhana ya Isha ikawatenganisha.

Katika mtafaruku ule, hakuna aliyempa Ochieng' dawa yake ya jioni.

Alianguka asubuhi, penye mfereji wa maji, watu wakiwa wamevaa kanzu mpya wakirudi kutoka kwenye swala ya Idi. Mama yake Zaituni alimlaza ubavu, akamwekea leso mpya chini ya kichwa. Alipozinduka alitutazama wote kama watu asiowajua. Dani hakusema, "Nilisema." Aliingia ndani akaanza kukunja nguo za mtoto. Mama aliishika chupa ya dawa, akaitazama ilipofikia, akakaa chini.

Niliona hesabu mbili zikitoa jibu moja. Mwezi uliandama, na dawa ya jioni haikunywewa. Nilingoja mtu mzima anieleze ni ipi.

Mchana Maalim alibisha hodi. Alikaa kwenye kigoda chetu, magoti yakimfika kidevuni.

"Mama," alimwambia Dani kwa Kijaluo, "tukilishusha lile bati, mtoto atabaki karibu na daktari wake?"

Dani aliiweka chini nguo aliyokuwa akiikunja. "Mtalishusha?"

"Siamini kwamba linamdhuru. Nataka ujue hivyo, nisije nikakudanganya. Lakini Mtume aliswali bila bati, na mimi nitaweza."

Wapo wazee wa msikiti walionung'unika, nilisikia kupitia ukutani. Lakini kabla ya Alasiri bomba lilikuwa tupu, na Dani akazikunjua nguo.

Ochieng' aliendelea kuanguka, mara chache, kisha mara chache zaidi, kisha basi. Mama alimshukuru Mungu na dawa. Dani alimshukuru Maalim. Leo Ochieng' anauza simu Rodi Kopany na hapendi habari hizi.

Siku Dani aliporudi Rangwe, Ochieng' akiwa haanguki tena, alisimama mbele ya msikiti na mzigo wake. "Waambie waurudishe mwezi wao," alimwambia Mama. "Nyumba yao imebaki kama mzee aliyevuliwa kofia." Maalim akalitoa bati stoo, akalishika kwa mikono miwili. Dani akaliinamia, akatema kidogo, thuu, akaondoka ameridhika. Maalim hakulifuta. Alisubiri mpaka Dani alipopotea kwenye kona. Kisha akachukua birika la udhu, akaliosha taratibu, pembe moja, pembe ya pili, kama mtu anayemnawisha mtoto uso, akampa fundi alipandishe.

Nimesoma mengi tangu hapo juu ya hilali, wafalme walioitia kwenye sarafu zao, majeshi yaliyoibeba, wanazuoni wanaobishana ilitoka wapi. Sijapata anayenieleza jioni zile. Nikipita Homa Bay natazama juu, na bado sijui kama baraka ya Dani iliondoka na maji yale, au yale maji yaliipokea. Najua tu kwamba Maalim alingoja mpaka Dani apite kona.