Makiwa ya Jumba Linalouzwa

Mama alikuja Birmingham kunichukua, na hakuficha. Alishuka kwenye ndege na masanduku mawili, moja lina nguo zake na la pili tupu. Hilo tupu, akasema, ni la kutilia vyangu.

Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, na baba alikwisha kutangulia. Nilikuwa nasomea uuguzi, nimebakiza mwaka mmoja tu. Nilipanga chumba Alum Rock, juu ya duka la mboga, chenye jiko la mafuta ya taa lililopika chai na kupasha joto kwa wakati mmoja. Choo kilikuwa uani. Asubuhi ya kwanza mama alivaa koti langu juu ya kanga zake, akashuka ngazi, akarudi anatetemeka kwa baridi na hasira.

"Nimekusomesha uje Ulaya kwenda haja kwenye theluji? Mjomba wako yuko shamba, na ana choo cha kueleweka!"

"Si wote wanaishi hivi, mama. Wako wenye nyumba za maana."

"Haya, nionyeshe moja. Moja tu."

Sasa mimi ukinibana, akili za kila aina hunijia. Nilikuwa nimeona gazetini picha ya jumba la kale linalouzwa, katika kijiji kimoja nje ya mji, mwendo wa basi tu. Nikampigia simu dalali kwa Kiingereza cha puani, nikamwambia mama yangu ana mashamba ya minazi Tanga na angependa kuliona. Haukuwa uongo mtupu. Minazi tunayo, mitatu. Nilitaka mama akanyage mazulia, aone mabafu, roho imtulie, aniache nimalize masomo yangu. Yeye nilimwambia tu kwamba jumba linauzwa na watu wanaruhusiwa kuingia.

Kwenye basi aligeukia dirisha. Nilidhani anatazama kondoo.

"Hilo jumba ni la juzijuzi?" akauliza.

"La, mama. Wamezaliwa humo babu na mababu."

"Na mwenyewe yu hai?"

"Yu hai. Bibi kizee, anakaa humo humo."

Akaguna, akavuta kanga ya juu na kujitanda kichwani. Ningekuwa na akili ningemteremsha kituo kilichofuata. Kwetu nyumba ya urithi haiuzwi mwenyewe akiwa hai ila amefikwa na jambo. Nilipokuwa mdogo iliuzwa nyumba ya jirani yetu, na wanawake wa mtaa mzima walikwenda kumkalia kitako na kumpa pole, kama aliyefiwa. Mimi Uingereza ilikuwa imenisahaulisha. Mama alikuwa hajakaa hata wiki mbili.

Dalali alitupokea mlangoni, tai imemkaba, meno yote nje. Akaanza kusifu ngazi ya mbao, dari ya nakshi, na meko makubwa ya mawe. Mama alivua viatu, akabaki na soksi zangu za sufi, akampita kama hamwoni. Bibi mwenye jumba alikuwa sebuleni karibu na dirisha, mwembamba, amevaa koti zito ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mama akaenda moja kwa moja, akaketi chini kwenye zulia, akaushika mkono wa yule bibi kwa mikono yake miwili.

"Makiwa, mwenzangu," akasema. Kisha akalia. Akalia kilio hasa cha msibani, cha kufuta pua kwa pindo la kanga.

Dalali akanigeukia. "Mama yako hajapapenda?"

"Amepapenda sana," nikasema. "Akipenda kitu huwa hivi."

Nilijiuma mdomo nisicheke, na huku aibu inanichoma. Dalali akanisogelea, akaninong'oneza kwamba kwa mteja mwenye mapenzi kiasi hiki, bei inazungumzika.

Ndipo bibi akauliza mama anasema nini. Uongo nilikuwa nao tayari ulimini, wa kupendeza kabisa, kuhusu uzuri wa dirisha. Lakini nikaitazama ile mikono ilivyoshikana, ukanishinda kuutoa. Nikamwambia kwamba mama anampa pole kwa kupotewa na nyumba yake.

Bibi akasema watu wamekuja toka vuli, wamepima madirisha, wamegonga kuta, wameyalalamikia mabomba, na hakuna hata mmoja aliyempa pole. Naye machozi yakamtoka. Dalali akatoka nje kuvuta sigara.

Basi nikawa mkalimani wa vilio viwili. Bibi akaeleza kuwa mumewe amekufa, wanawe wako Kanada na Australia, na hakuna anayelitaka jumba linalovuja. Atahamia chumba kimoja palepale kijijini, karibu na kaburi la mumewe. Mama akauliza ni nani atakayemwangalia. Nikatafsiri, bibi akainamisha kichwa.

"Mwambie yupo," mama akasema. "Mwambie binti yangu ni nesi, atakuja kila Jumapili."

"Mama! Si umekuja kunichukua?"

"Mwambie kwanza."

Nikamwambia. Bibi akaubusu mkono wa mama, na mama, ambaye hajawahi kubusiwa mkono na Mzungu, akaniangalia kama nimemroga.

Wakati wa kurudi nilishindwa kuificha furaha yangu. Nikamchokoza: "Na choo je, mama?"

"Chao nimekiona. Kimoja, jumba zima, na mnyororo umekatika." Akajifunika kanga vizuri. "Ahadi niliyoitoa msibani siwezi kuirudisha. Utabaki."

Nikapata nilichotaka, na nilifurahi, nisiseme uongo. Wiki ile ile mama akapanda ndege peke yake. Mimi nikawa nakwenda kijijini kila Jumapili, napiga magoti kwenye kile chumba kimoja, namkata kucha za miguu mama wa watu walioko Kanada na Australia. Alikuwa akinisifu kwamba nina mikono laini. Nami kila aliponisifu nilikuwa najua kwamba Tanga yuko mama mwingine, magoti yamemkataa kuinama, na wa kumkata kucha hana.