Chetezo cha Bi Zuwena

Hili bora nilitoe mwenyewe kabla hamjalipata kwa wengine, maana Maskati hii habari hutoka Qurum ikafika Ghubra kabla ya gari yangu, na ikifika imeshatiwa chumvi na pilipili: mie, mtu mzima na akili zangu, nilikwenda kumposea mwanangu mke nikafukiza wadudu ndani ya nyumba ya watu.

Yote yalianza na miwani. Nilivaa abaya mpya, nikatia wanja, nikajitazama kiooni nikaona miwani inanizeesha (Bi Zuwena, mama yake binti, tulisoma naye chuo kimoja na mwenzangu hazeeki, sijui anakula nini), basi nikaiacha juu ya meza. Nikapapasa kabatini, nikatoa kiboksi chekundu cha mahameli chenye udi niliouweka kwa siku hiyo. Au ndivyo nilivyodhani, kwa sababu jirani yangu, nesi wa Kinepali, alikuwa kaniletea dawa ya kifua kutoka kwao, na dawa yenyewe ni ghali, na ikawa nayo imo kwenye kiboksi chekundu cha mahameli.

Posa ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuona fahari. Tulikula, tukacheka, na mwanangu Nasri yuko majlisi ya wanaume upande wa pili, namsikia anazungumza na baba wa binti kama waliojuana zamani. (Njiani alikuwa keshaniambia, "Mama, nikimkosa huyu, sioi tena.") Wakati wa kuondoka chetezo kikaletwa, nami nikajitia kimbelembele, nikasema leo udi nautia mie, nikachota vijiti kwa vidole nikavimwaga juu ya makaa, nikaanza kumfukiza Bi Zuwena chini ya shela.

Harufu ikaja ya nywele zinazoungua, kisha dagaa. Nikawaambia udi mzuri ndivyo unavyoanza, nikaongeza.

Mama yake Bi Zuwena, kizee mwenye macho makali kuliko yangu, akachukua koleo, akaopoa kipande, akakisogeza kwenye taa.

"Udi huu una miguu," akasema. "Na kichwa."

Sasa nyie mnatujua. Mtu akija kuposa akachoma kitu chenye kichwa, hakuna anayesema kakosea kiboksi. Bi Zuwena alishaanza kusoma Ayatul Kursiy huku anajikung'uta shela.

Ningenyamaza hapo, Mola angenisitiri, lakini nikaanza kueleza kama nilivyoelezwa na yule nesi. "Si uchawi, Bi Zuwena, ni kiwavi tu. Anakaa chini ya ardhi huko milimani, kuvu inamwingia, inamla ndani kwa ndani mpaka anakufa, halafu inamchipukia kichwani." Kila neno nililotoa likazidi kuniangamiza. Nikasema hata udi wenyewe hutokana na mti unaougua kuvu, wakautazama udi wao kwenye kikopo kama nimewatilia sumu.

"Dawa ya nini?" akauliza kizee.

"Ya kifua, Bibi," nikajibu, na ili waone ni kitu cha thamani nikaongeza, "na wanaume huitumia kwa nguvu."

Kizee akaweka koleo chini taratibu. "Na mwanao ndiyo anayotumia?"

Mlango wa majlisi ulikuwa wazi. Upande wa pili mazungumzo yakakatika, na sauti ya Nasri sikuisikia tena mpaka tuko ndani ya gari, na humo alisema neno moja tu, "Mkanda," kwa kuwa nilisahau kuufunga.

Wiki iliyofuata dereva wao alibisha hodi kwangu kabeba chetezo kile kile, cha fedha, cha urithi, kimesuguliwa kwa ndimu kinang'aa. "Bi Zuwena anasema kiwe chako," akasema. "Wao nyumbani hawakitaki tena." Jibu la posa ndilo hilo, hawakuhitaji kuongeza kitu.

Nasri hakunilaumu. Angenifokea ningepumua. Alikipokea chetezo, akakiweka juu ya kabati, akaniletea miwani yangu.

Tangu siku hiyo miwani siivui ila nikilala. Chetezo nakipangusa kila Ijumaa lakini sijatia ndani yake hata chembe ya udi, na nimeapa sitotia mpaka siku ya harusi ya Nasri. Na Nasri, kila nikimgusia, ananambia haoi.