Ndama Niliyempaka Chumvi

Chumvi ya ng'ombe ikilowa maji hutoa harufu ya udongo na chuma, na mimi kila nikiinusa dukani humkumbuka ndama mmoja. Siku hizi nacheka. Wakati ule, wee, sikucheka.

Tulikuwa tumehamia Kitengela kutoka Kakamega, miaka ya tisini. Baba alikuwa karani Nairobi na Mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Mapozi. Tulimwita hivyo kwa sababu hakukubali kukamuliwa bila kuimbiwa, tena nyimbo za kanisani, si nyingine. Wadogo zangu mapacha walikuwa wachanga na maziwa ya Mama hayakuwatosha, hivyo Mapozi ndiye aliyewalisha. Akikosa maziwa yeye, nyumba nzima hailali.

Nyuma ya ua wetu mbuga ilikuwa wazi, na kila Februari nyumbu walikuja kuzaa pale, wengi ajabu. Jirani yetu Mmaasai, Mama Naserian, alimwonya Mama mapema kwamba majira hayo ng'ombe asitolewe nje. Mama aliitikia vizuri, akamfungia Mapozi zizini, halafu jikoni akamwambia Baba, "Huyo anataka nyasi yote iwe yake." Hatukuelewa, na hakuna aliyeuliza.

Jumamosi moja Mama alienda mkutano wa akina mama wa kanisa, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akaniacha nilinde boma. Nilikuwa na miaka tisa. Kwenye waya wetu nikamkuta ndama wa nyumbu, miguu ikimtetemeka, kitovu bado kibichi. Mama yake alikuwa ameruka ule waya, yeye akashindwa. Nilipogeuka kurudi nyumbani akanifuata. Akanifuata mpaka mlangoni, jamani, mnyama wa porini!

Nilijua la kufanya. Kule Kakamega nyanya yangu alinifundisha kwamba ndama yatima hupakwa chumvi. Ng'ombe mwingine akimlamba, tayari ameshamkubali. Basi nikampaka kuanzia puani hadi mkiani. Mapozi akamlamba kila mahali, machozi na kamasi pamoja, nami nikawaimbia wote wawili. Nilijiona daktari mkuu wa mifugo.

Ndipo Mama Naserian akaja kuchota maji kwenye tangi letu, akachungulia zizini. Mtungi ulimponyoka. "Enkai ai!" akalia, akimwita Mungu kwa Kimaa. Alimbeba yule ndama kwenye shuka yake, akampeleka hadi karibu na kundi, akarudi akanikalisha chini.

"Mtoto ya nyumbu iko na ugonjwa kwa machozi na kwa pua," akaniambia. "Yeye haisikii kitu. Ng'ombe ndiyo inakufa. Macho inakuwa nyeupe, na dawa hakuna."

Nikamuuliza mapacha sasa watakunywa nini. Akauokota mtungi wake, akasema nimwambie Mama mwenyewe, tena leo leo.

Nilimwambia. Mama aliketi juu ya ndoo, akawavuta mapacha kifuani. Heri angenichapa.

Tuliambiwa ugonjwa huo unaweza kujificha wiki nyingi, basi tukangoja. Kila asubuhi kabla ya shule nilimfunua Mapozi kope, naye akanikanyaga kwa hasira. Siku moja nikakuta jicho la kushoto linatiririka machozi, limekuwa jekundu. Nikapiga nduru. Mama alitoka mbio, leso ikiburutika, hadi kwa Mama Naserian, akamshika mkono na kumvuta mpaka zizini bila hata salamu. Yule mama alilifunua jicho, akalitazama, akachukua ncha ya shuka yake na kutoa mbegu ya nyasi.

"Ugonjwa yenu ni hii," akasema. Tulicheka mpaka mapacha wakaamka.

Mvua za Aprili ziliponyesha, nyumbu wakiwa wameshaondoka, Mama Naserian alikuja tena, akamkagua Mapozi kuanzia pembe hadi kwato, akamtemea mate ya baraka. "Hii ni mzima." Nilimkumbatia Mapozi shingoni nikalia kwa furaha. Mama naye akaimba, akamkamua ndoo ikajaa.

Nilipokuwa mtu mzima, daktari mmoja wa mifugo alinieleza kwamba ndama wa siku moja mara nyingi huwa hajaanza kutoa virusi. Angekuwa na wiki kadhaa, Mapozi asingepona. Siku hizi mbuga yenyewe imekatwa ploti, na nyumbu wanaopita ni wa kuhesabu.

Nilienda kumweleza habari hiyo Mama Naserian, sasa mzee, meno machache. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Halafu akasema, kana kwamba anazungumzia mvua, kwamba jioni ya siku ile alimchagua ng'ombe wake mmoja wa maziwa, mwenye mabaka, akamwambia mumewe, "Hii ni ya wale watoto wawili, kama yao itaenda."

"Mbona hukutuambia, yeyo?" nikauliza, nikimwita mama kwa Kimaa.

"Ningesema, ningekuwa nimeanza kuzika yenu."

Wiki zile zote nililala nikisikia njaa ya wadogo zangu hata kabla haijafika, na maziwa yao yalikuwa yamesimama upande wa pili wa waya, yakila nyasi.