Kigelegele cha maua meupe

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nilikuwa katika duka la maua Kampala jirani yangu alipoingia kununua krisanthemu nyeupe. Sote tulijua kuwa za njano ni za sherehe, nyeupe ni za kaburini. Mumewe alikuwa amechukuliwa na wanajeshi, na kumlilia mtu waliyemchukua lilikuwa kosa.

Askari aliyeegemea kaunta akamuuliza, "Mama, nani alikufa?"

"Hapana mtu, afande. Ni ya arusi."

"Basi piga kigelegele tusikie."

Akayakumbatia maua, akapiga. Sauti ilipomkatika, muuzaji akaipokea, kisha na sisi wateja. Askari akapiga makofi.

Nimehudhuria matanga mengi, lakini ni hayo tu tuliyolia kwa vigelegele. Kaburi la kuyaweka maua yale, jirani yangu hajaonyeshwa mpaka leo.