Nilimshtaki jirani kwa wizi wa vyura hapa Bwera, vyura wenyewe wakanivua nguo mbele ya chairman

Wakuu, za mchana. Humu nimekuwa msomaji wa kimyakimya siku nyingi. Leo naleta ya kwangu, na sitaongeza chumvi kwa sababu yenyewe imeshakolea.

Mimi ni clearing agent pale Mpondwe, mpaka wa Uganda na Kongo, nakaa Bwera. Kiswahili changu ni cha mpakani, nimekiokota kwenye malori, kwa hiyo walimu wa sarufi mnihurumie.

Kazi yangu ni kulinganisha mzigo na karatasi. Karatasi ikisema maharage meupe, nikafungua nikakuta ya njano, basi kuna mtu amechezea mzigo. Hiyo ndiyo akili niliyonayo.

Sasa, shemeji yangu wa Nyakiyumbu alinikatia matete ya kuezekea banda la kuku. Ndani yake nikakuta vyura sita, kila mmoja mdogo kuliko kidole gumba, wa aina ile inayonata mpaka kwenye kioo. Nikawapenda papo hapo, sijui niwaeleze nini.

Nikawatafutia boksi la kioo, wavu juu, mashina ya matete ndani, maji ya mvua. Ya bomba yana dawa, msiwape. Chakula chao ni vile vinzi vidogo vya ndizi zilizooza. Mke wangu alisema harufu ya ndizi ikifika chumbani, mimi na vyura wangu tutatafuta landlord mwingine.

Halafu nikawafungulia form. Ndiyo wakuu, form. Kila chura na namba yake, rangi, alama, alikotoka, na saini yangu chini.

Wanne walikuwa kijani. Wawili walikuwa kahawia, na mstari mwembamba ubavuni. Hao wa kahawia niliwatafuta kwenye simu nikawakosa, nikaamua ni species mpya. Nikaanza kuona jina langu kitabuni kwa Kilatini. Kanisani nilishatangaza kabisa.

Aliyenisaidia kukamata vinzi bila kunicheka ni Afande Opio, askari mstaafu kutoka kaskazini, jirani yangu miaka tisa, sasa mlinzi wa ghala moja hapa mpakani. Kazi iliponipeleka Kasese wiki tano, nilimwachia yeye ufunguo wa stoo ninamowaweka vyura.

Nikarudi. Nikachukua form, nikaanza verification.

Idadi sita. Wa kahawia hawapo. Mahali pao wamekaa wawili wenye mgongo mweusi, michirizi ya njano na vidole vyekundu.

Idadi sawa, maelezo tofauti. Mpondwe mchezo huo tunaujua: mtu anatoa mzigo mzuri, anajaza mwingine ili hesabu itimie.

Na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu.

Hapa nakiri kosa. Badala ya kwenda kumuuliza kijirani, nilikwenda moja kwa moja kwa chairman wa LC, yaani baraza la kijiji, mama mmoja Mkonzo asiyependa mchezo, nikasema mbele ya watu kwamba Afande ameniibia. Jioni ile ile mwenye ghala akamwambia Afande akae nyumbani mpaka kesi iishe. Mlinzi akishaitwa mwizi, kazi imekwenda. Nilijua hilo, na bado nililala vizuri.

Jumamosi saa nne asubuhi tukakutana uani kwa chairman. Afande alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa wima kwenye benchi. Hakunitazama.

Mimi nikaleta exhibit. Boksi nikaliweka juu ya stuli, katikati ya jua, kila mtu aone vizuri. Nikafungua faili nikaanza kusoma kwa sauti ya ofisini. Ilichukua muda, maana nilikuwa nimeandika na utangulizi.

Nikafika namba tatu, rangi kijani kibichi. Chairman akainama kwenye kioo.

"Namba tatu iko wapi?"

Nikageuka. Wakuu, hapakuwa na wa kijani hata mmoja. Wote wanne wameng'ang'ania tete, weupe kama chokaa.

"Agent," chairman akasema, "na hawa pia Afande ameiba? Yeye iko amekaa hapa tangu asubuhi."

Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye benchi. Afande peke yake hakucheka.

Chairman akampigia mpwa wake, mwalimu wa biolojia huko Kasese, akaweka loudspeaker, akamweleza aliyoyaona. Mwalimu kwanza akaniamuru niwatoe juani kabla sijawaua. Kisha akaeleza kwamba hawa wakipigwa na jua hugeuka weupe kujikinga na joto, wakikaa kivulini rangi inarudi. Na wakiwa wadogo huwa kahawia au kijani. Jike akikomaa ndiyo anavaa michirizi, madume wengi wanabaki vile vile.

Species yangu mpya walikuwa wasichana wawili waliokua nikiwa safarini.

Nikasimama nikamwomba Afande msamaha mbele ya wale wale. Chairman akasema msamaha wa mdomo haufungui ghala. Ikabidi niandike barua pale pale kwa mwenye ghala, nieleze yote mpaka habari ya michirizi, nigonge na muhuri wangu. Jumatatu Afande akarudi kazini. Barua nasikia imebandikwa ukutani, madereva wanaisoma wakisubiri kupakia.

Nilichojifunza: chura wa matete usimtambue kwa rangi. Tazama koo la dume, sikiliza mlio, mpige picha yule yule kila wiki. Na jirani wa miaka tisa muulize kwanza, form baadaye.

Afande alisema amenisamehe. Bado anakuja Jumapili baada ya ibada kuwalisha. Ila akifika mlangoni haingii. Anageuza mifuko yote nje, anainua mikono juu, anasema, "Agent, sachi mimi kwanza."

Mke wangu hucheka sana. Mimi huu ni mwezi wa saba sijaweza kucheka, na yeye hashushi mikono mpaka nimguse mifuko.

Wakuu mliowahi kumsingizia mtu, mlifanya nini mpaka akashusha mikono? Andikeni hapa chini, Jumapili ni keshokutwa.