Mifano Niliyosema Nimeibuni

Nilijifundisha kuandika programu peke yangu, nyumbani Mawaleh. Mwalimu wangu alikuwa kompaila, ile programu inayogeuza tunachoandika kiwe kitu kinachoendeshwa na kompyuta. Mwalimu hovyo kabisa. Aliyaona makosa yangu yote akayapitisha kimya.

Lilipotoka toleo jipya la kompaila, linalokataa chochote kisichofuata kanuni za lugha ya programu, ofisini Rusayl nikapewa kazi ya kuwaandikia wenzangu mwongozo wa yale yatakayokataliwa. Niliuandika kwa dharau. Kila kanuni niliiwekea mfano wa kijinga, na mifano yote niliitoa kwenye programu yangu ya kwanza, inayoendesha mizani ya ghala. Nilibadilisha majina tu.

Mkuu wetu, mama wa Kizanzibari, aliusoma akicheka. "Uchafu huu umeutoa wapi, mwanangu? Nani mwenye akili zake anaandika hivi?"

"Nimebuni tu, mama."

"Alhamdulillahi. Nlidhani tunaye humu ndani."

Nikacheka naye, huku nikijidharau. Jumapili toleo jipya likawekwa, na programu ya kwanza kukataliwa ilikuwa ya mizani, jina langu likiwa mstari wa juu. Mama akaufungua mwongozo pembeni, akalinganisha mfano kwa mfano. Safari hii hakucheka.